Gari Liitwalo Sobota: Nati ya Upande wa Kulia

Tulimwacha Leon Wachowiak amelala chali chini ya gari, tochi mdomoni, mkono ameunyoosha kutafuta nati moja tu katika dunia hii, na mkono ukashika hewa.

Wiki nzima mmeniandikia mkiniuliza alishika nini. Hewa, ndugu zangu, nimeshasema. Ekseli ya mbele ya Sobota haikuwepo. Pale ilipokuwa jana yake palikuwa na magogo mawili yaliyoshikilia gari, basi.

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma nitasema kwa kifupi, maana leo tuna haraka. Sobota ni Studebaker ya mwaka 1953 ambayo Bronek Wachowiak, kaka yake Leon, aliigeuza kuwa gari la mbio za robo maili. Jina waliliandika mlangoni kwa rangi nyeupe. Ni Jumamosi kwa Kipolandi, lugha ya wazazi wao, siku waliyokuwa wakitoka kiwandani mchana na kuingia gereji. Bronek aliendesha, Leon akafunga nati. Jumapili moja ya Septemba 1966, kwenye uwanja wa Plum Creek, gurudumu la kulia lilikataa kutii usukani, gari likaruka nje ya lami, na Bronek hakutembea tena mpaka alipokufa majira ya baridi yaliyopita.

Sasa Leon amelipata gari hilo kwenye banda la mkulima, liko vilevile kama lilivyovutwa siku ile. Watu wote wa South Bend ya magharibi wanasema, tazameni mzee anavyompenda kaka yake, analifufua gari lake. Hawajui anachotafuta. Leon hakumbuki kama aliitia pini nati ya usukani ya upande wa kulia. Ni hilo tu. Kwa miaka arobaini na sita amelala na swali hilo na kuamka nalo, na jibu lilikuwa kwenye ekseli.

"Berni," aliita, bado yuko chini. "Ekseli iko wapi?"

Bernadette, binti pekee wa Bronek, alikuwa anakoroga kahawa kwenye meza ya gereji. Ana miaka arobaini na minane, dereva wa basi la shule, mabega mapana kama ya baba yake. Alicheka cheko la mtu aliyeficha zawadi.

"Umeshaona? Nilitaka nikushtukize."

"Iko wapi?"

"Kwa Mzee Orlo, kule Nappanee. Tuliishusha jana na jirani ulipokwenda kucheza bingo, ule mchezo wa namba, kanisani. Anaipiga mchanga, baba mdogo. Kutu yote inatoka, itarudi nyeupe pee. Wewe magoti yameshakwisha kwa kukwangua na brashi."

 Kwanza ilimbidi Leon atoke chini ya gari, na kwa mtu wa miaka sitini na minane mwenye magoti yale, hiyo ni safari ya kufungia chakula.

Hapa ndipo wanapokosea wote wanaofufua magari, na mimi sitamlaumu Berni peke yake. Wakishika chuma cha zamani, mkono unawawasha. Wanasafisha kwanza, wanatazama baadaye. Na Leon alikuwa na desturi aliyotoka nayo kiwandani: ukishakaza nati na kuitia pini, unachora mstari mmoja wa rangi ya njano kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mstari ukiwepo, kazi imekwisha. Usipokuwepo, hujaigusa. Mashine ya mchanga inaila rangi hiyo kwa sekunde moja.

"Anaanza saa ngapi?"

"Alisema mchana. Kwani vipi?"

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro robo.

"Mpigie simu."

"Hapokei akiwa kazini, anavaa lile dude lake la kichwani. Baba mdogo, una nini? Uso umekushuka."

"Washa pikapu," Leon alisema.

Walikuwa wameshaingia barabara ya kusini kabla Berni hajauliza tena. Si mtu wa kuuliza mara tatu. Alilelewa katika nyumba ambamo maswali yalikuwa yanamchosha baba.

"Haya, sema. Ekseli imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Mimi ndiye."

"Mimi naendesha watoto sitini kila asubuhi. Vitendawili ninavyo vya kutosha. Sema."

Leon akasema. Ilimchukua mashamba mawili ya mahindi kuyamaliza maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Asubuhi ile nilifunga tairodi, ule mkono wa chuma unaopeleka usukani kwenye gurudumu. Kila upande una nati, na kila nati ina pini ili isifunguke kwa mtikisiko. Ya kushoto naikumbuka. Niliikaza, nikatia pini, nikachora njano. Kisha tukaitwa kula. Nikanawa, nikala. Niliporudi Bronek yuko ndani, injini inaunguruma, foleni imeshafika kwetu."

"Na ya kulia?"

"Ya kulia sikumbuki."

"Hukumbuki kuifunga, au?"

"Sikumbuki, Berni. Nikifumba macho najiona naifunga. Nikifumba tena najiona niko na sahani mkononi. Sijui lipi nililiona na lipi nimelitunga mwenyewe."

Pikapu ilipunguza mwendo. Ikaingia kwenye changarawe kando ya barabara, ikasimama. Berni aliuacha mkono kwenye gia.

"Nimemsukuma kwenye kile kiti tangu nina miaka minane," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya kwenye basi. "Nilikuwa namgeuza kitandani. Wewe ulikuwa unakuja Jumapili na keki, unarekebisha bomba la jikoni, unaondoka. Mama anasema Leon ana moyo safi."

"Najua anavyosema."

"Ulimwambia baba?"

"Hapana."

Kwetu Wapolandi, mkesha wa Krismasi kila mtu humega kipande cha mkate mweupe mwembamba na kila aliye mezani, na mkishamega mmesameheana, hata kosa lisipotajwa. Mkate ulipoanza kuzunguka, Leon alitoka nje kuvuta sigara. Alifanya hivyo mara arobaini na tano. Sigara aliacha mwaka 1989, na bado aliendelea kutoka nje.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unatoka," Berni alisema.

Leon alishika kitasa cha mlango. "Ukitaka nishuke, nashuka. Nitarudi kwa miguu."

"Kwa magoti hayo?" Akatia gia. "Kaa. Lakini sikuahidi kitu, baba mdogo. Tukiukuta mstari, nitakubeba mgongoni mpaka South Bend. Tusipoukuta, nitakufikisha mlangoni kwako, halafu usinipigie tena simu."

"Hiyo ni haki yako."

"Haki yangu niachie mwenyewe. Funga mkanda."

Alikanyaga mafuta. Sitawapa maelezo ya barabara, mahindi ni mahindi. Walifika kwa Orlo Schrock saa saba na dakika ishirini, wakashuka, na jambo la kwanza walilolisikia lilikuwa ukimya. Kompresa, ile mashine ya upepo inayorusha mchanga, ilikuwa imezimwa. Mtu aliyemaliza kazi ndiye anayezima kompresa.

Ekseli ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo katikati ya karakana. Nyeupe. Haina kutu, haina grisi, haina rangi ya njano wala ya aina yoyote, utadhani imetoka kiwandani asubuhi hiyo.

Leon alitafuta kiti akakikosa, akakaa juu ya gunia la mchanga. Alikuwa amechoka, na uchovu huo haukuwa wa siku hiyo. Alizunguka mabanda ya kaunti sita kulitafuta gari lile. Aliomba, alibembeleza, alikunywa kahawa mbaya na wajane wa watu. Yote hayo ili binti wa kaka yake amsaidie kwa wema na kumfutia jibu.

"Mbona mmekuja na sura za msibani?" Orlo alivua lile dude la kichwani. Ni mzee wa Kimenoni, wale Wakristo wapole wa maisha ya kale, ndevu bila masharubu, na husema taratibu kama mtu anayepanga mayai. "Niliwaambia saa tisa."

"Mzee Orlo," Berni alisema, "kwenye nati za usukani kulikuwa na rangi ya njano kabla hujaanza?"

"Mchanga hauna habari na nati."

"Maana yake nini?"

"Sipigi mchanga nati. Chochote chenye meno ya kukazia sikipigi. Mchanga unayala meno, nati haishiki tena. Ukimwona mtu anapiga mchanga nati, ujue hajafundishwa. Nafungua zote kwanza, naweka kwenye mikebe. Kushoto mkebe wake, kulia mkebe wake."

Leon alisimama. Hata hakukumbuka kwamba ana magoti.

Mikebe miwili ya kahawa ilikuwa kwenye rafu, imeandikwa kwa chaki. Orlo alimimina wa kushoto juu ya meza. Nati, na pini yake imekunjwa miguu miwili kama Leon alivyozoea kuikunja, na juu ya nati alama ya njano imechakaa lakini ipo. Leon aliigusa kwa ncha ya kidole. Mkono wake wa miaka ishirini na miwili ulikuwa umefanya kazi nzuri.

"Ya kulia," alisema Berni.

"Ya kulia haina nati," alisema Orlo.

"Umeipoteza?"

"Sipotezi vitu vya watu. Ilikuja haina. Ncha ya tairodi ilikuwa inaning'inia tu. Meno yake mazima, hayakukatika hata moja. Chuma hakikuvunjika. Nati ilijifungua yenyewe ikaenda zake. Nimeshaona hivyo kwenye matrekta, mtu asipotia pini."

Ndivyo lilivyokuja, jibu la miaka arobaini na sita, kutoka kwa mtu anayepangusa mikono na tambara.

"Basi," Leon alisema. "Basi ni mimi."

Alishangaa kuwa hakulia. Kwa muda mfupi aliona hata nafuu, kwa kuwa sasa anajua. Kisha akamtazama Berni, na nafuu ikaisha.

Berni alichukua funguo mezani.  Alitoka, na wakasikia mlango wa pikapu ukifungwa na injini ikiwaka.

"Mwite huyo," alisema Orlo. "Sijamaliza."

"Mwache aende."

"Leon, mimi nasema taratibu, na watu huondoka kabla sijafika. Mwite."

Leon hakuweza. Orlo akatoka mwenyewe, bila haraka yoyote, akasimama mbele ya pikapu na aproni yake ya ngozi, mikono mfukoni. Berni alipiga honi. Orlo hakusogea. Akapiga tena. Ukweli ni kwamba huwezi kumgonga mzee wa Kimenoni mbele ya karakana yake mwenyewe. Berni akazima gari akashuka, na macho yake yalikuwa mekundu.

Wakarudi wote watatu mezani. Orlo alimimina mkebe wa kulia. Ilitoka ncha ya tairodi peke yake, kipande cha chuma kifupi chenye meno na tundu dogo la kupitisha pini.

"Tundu lilikuwa limeziba," alisema. "Nilidhani kutu. Nikaliloweka kwenye mafuta ya taa tangu asubuhi. Kutu huyeyuka. Hii haikuyeyuka."

Alishika koleo jembamba, akabana kitu, akavuta polepole. Kilitoka kipande cha waya chepesi, kirefu kama ukucha, cheusi, kimekatika. Kilikuwa na miguu miwili iliyobanana. Mmoja umenyooka. Wa pili una mawimbi.

"Pini iliwekwa," alisema Orlo. "Ila hii si pini ya gari."

Berni alikichukua akaenda nacho dirishani. Alikigeuza mara mbili.

"Hii ni pini ya nywele."

Leon alipokea kile kipande kiganjani. Pini za nywele alizijua. Bronek alikuwa anamwomba mke wake Lottie, mama yake Berni, kila wiki, azibulie kabureta. Mfuko wake wa shati haukukosa moja. Sasa Leon aliona yote kama mtu aliyesimama palepale kwenye mstari wa kuanzia. Dereva hulizunguka gari lake mara ya mwisho, anapitisha mkono kwenye kila nati. Bronek alifika ya kulia akakuta haina pini. Kumwita Leon ni dakika mbili, lakini dakika mbili ni kupoteza zamu, na uwanja mzima ungeona mdogo wake kasahau. Akachomeka pini ya nywele, akapanda. Ilimaliza nusu ya njia, ikakatika.

"Alijua," Leon alisema. "Alijua kabla hajapanda."

"Akanyamaza miaka yote ile?"

"Alidhani ananisitiri."

"Alikuwa anajisitiri mwenyewe," Berni alisema kwa ukali. "Angekuita. Ni dakika mbili tu, baba mdogo. Kwa dakika mbili nimesukuma kile kiti miaka thelathini na tisa."

Leon alikuwa anawaza mkesha wa Krismasi, Bronek kwenye kiti chake na mkate mkononi, akimtazama mdogo wake akitoka nje. Kila mwaka alimtazama. Kwa neno moja angemwondolea nusu ya mzigo. Hasira ilimpanda Leon, hasira ya kweli kwa kaka yake, ya kwanza tangu utotoni, na ndipo machozi yakatoka.

"Mjinga wewe," alimwambia marehemu. "Mjinga mkubwa wewe."

Orlo alijifanya anapanga mikebe. Berni naye alikuwa ameshatoa simu.

"Mama atatuambia."

"Mwache shemeji, ana miaka sabini."

"Na mimi arobaini na minane. Tumekua wote." Akaweka simu juu ya meza, sauti isikike kwa wote. Ilipokelewa, na nyuma ya sauti ya Lottie kulikuwa na maji yanayotiririka jikoni.

"Mama, siku ile ya Plum Creek, baba alikuomba pini ya nywele?"

Maji yalifungwa.

"Nani amekwambia?"

"Tumeikuta kwenye usukani."

Kiti kilisikika kikivutwa. Kisha, "Leon yuko hapo?"

"Nipo, shemeji."

"Kaa chini, Leon."

"Nimekaa," alisema Leon, ingawa alikuwa amesimama.

"Alikuja mbio akasema nipe pini. Nikamwuliza, kabureta tena? Akasema ndiyo, fanya haraka. Nikachomoa kichwani nikampa. Alitaka mbili."

"Mbili?"

"Mbili. Moja ya usukani, moja ya breki. Hilo alinieleza hospitalini, baadaye."

Leon aliiweka mikono yote miwili mezani. Breki aliifunga Ijumaa. Hakuna aliyemwita kula Ijumaa. Aliikaza, akaitia pini, akachora njano, na hilo hakuwahi kulitilia shaka hata siku moja. Pini moja mtu anaweza kuisahau. Ile ya breki hakuisahau.

"Shemeji," alisema polepole, "mimi pini ya breki niliiweka."

"Najua uliiweka. Na ya usukani uliiweka. Zilichomolewa, Leon, mkiwa mnakula. Bronek alimwona mtu anatoka chini ya gari anapangusa majani magotini. Hakumfikiria vibaya, mpaka alipofika kwenye mstari akakuta nati zina alama yako ya njano lakini pini hazimo."

Berni alishika ukingo wa meza. Orlo aliacha kupanga mikebe.

"Kwa nini hamkuniambia?" Leon aliuliza. Akainama karibu na simu. "Lottie, kwa nini hamkuniambia? Nimejilaumu maisha yangu yote."

"Bronek aliniapisha. Ulikuwa umeshamvisha pete."

"Nilimvisha nani pete?"

Lottie alikuwa analia sasa, na kulia kwake kulikuwa kwa mtu mzima, kimya, kunasikika kwenye pumzi tu.

"Bronek alisema miguu yake imeshakwenda, hairudi, na wewe angalau uwe na nyumba," alisema. "Ni Irena, Leon. Alikuwa Irena."

Irena ni mke wa Leon, mwaka wa arobaini na nne huu. Asubuhi ile alimfungia mkate wa soseji kwa safari ya gereji, akamwambia asichelewe chakula cha jioni. Leon alitazama saa ya Orlo ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano, na nyumbani walikuwa wanakula saa kumi na moja.